Kutoka foni hadi VPN: historia ya kuingia biro ukiwa mbali

Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo mara ya kwanza linasikika kama ni la mafundi tu. Lakini linamgusa kila mtu ambaye mshahara wake, jina lake au jina la mtoto wake limeandikwa ndani ya mashini ya kampuni au shirika fulani.

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025 mji wa Goma uliangukia mikononi mwa AFC/M23, na katikati ya mwezi wa pili ikawa zamu ya Bukavu. Benki zilifunga milango, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, na uongozi wa jimbo la Kivu ya Kaskazini ukahamia Beni. Kampuni na mashirika nayo yakatawanyika. Patroni yuko Kinshasa, kontabli amekimbilia Beni, mwenye kuangalia depo amebaki mjini, na kijana wa mashini amevuka kwenda Bujumbura. Biro moja imegawanyika katika miji minne. Kazi lakini bado ni moja: kuna vitabu vya hesabu, kuna orodha ya wafanyakazi, kuna majina ya familia zinazopaswa kupokea msaada.

Basi mtu aliye mbali anaingiaje katika vitabu hivyo bila kumfungulia mwizi mlango? Siku hizi wengi wanajibu kwa herufi tatu: VPN. Jibu hilo si baya, ila ni fupi mno. Historia ya kazi ya mbali inatuonyesha kwamba maswali ni matatu, na VPN inajibu vizuri moja tu kati yake. Swali la kwanza: nani anasikia njiani? La pili: huyu anayebisha hodi ni nani kweli? La tatu: akiisha kuingia, anaweza kufika wapi? Kila mara watu walipojibu moja na kusahau mengine mawili, walilia.

Zamani za foni

Wenye umri wa kutosha wanakumbuka foni, ile redio ya mawimbi ya mbali iliyokuwa katika misheni, katika viwanja vidogo vya ndege na kwa wafanyabiashara wakubwa, kabla simu za mkononi hazijafika vijijini. Foni iliokoa maisha na iliendesha biashara. Lakini kila aliyekuwa na chombo na akashika mawimbi hayo alisikia yote. Ukitaja bei, jirani ameisikia. Ukitaja siku ambayo pesa zitasafirishwa, na mnyang'anyi huenda ameisikia. Kwa hiyo mtu mwenye akili hakutaja mambo kwa majina yake. Watu walipatana mapema: neno hili maana yake ni kitu kile.

Ujanja huo ni wa kale kuliko foni. Wakati wa telegrafu, karne ya 19, ujumbe wa mfanyabiashara ulipita mikononi mwa makarani wengi kabla ya kufika. Mwaka 1882 mtu wa benki huko Sacramento, Marekani, jina lake Frank Miller, alichapisha kitabu cha kuficha ujumbe wa telegrafu. Njia yake ilikuwa nyepesi: kila neno lina namba, na kwa kila namba unaongeza namba nyingine ya bahati nasibu kutoka kwenye orodha ambayo wewe na mwenzako tu mnayo. Namba ikiisha kutumika unaikata, na hairudiwi tena. Ukifanya hivyo bila kukosea, hakuna mtu njiani anayeweza kuelewa.

Shida moja ilibaki, na ilisumbua ulimwengu kwa miaka karibu mia moja zaidi. Ile orodha ya namba lazima kwanza impate mwenzako. Akiwa mbali, nani ataibeba? Na yule anayeibeba akikamatwa njiani?

Mtoto mkimbizi aliyefungua kazi za nyumbani

Kabla ya kurudi kwenye siri, tumtaje mwanamke mmoja ambaye wasikilizaji wetu waliokimbia vita wangependa kumjua. Mwaka 1939, mtoto wa miaka mitano alipandishwa gari la moshi pamoja na watoto wengine wa Kiyahudi, wakaenda Uingereza kuepuka utawala wa Hitler. Mtoto huyo alikuja kujulikana kama Stephanie Shirley. Alikulia kwa wazazi wa kumlea, akasoma, akajua kazi ya kuandikia mashini programu.

Mwaka 1962, akiwa na mtaji wa pauni 6, alianzisha kampuni ya kuandika programu, na wafanyakazi wake karibu wote walikuwa wanawake wanaofanyia kazi nyumbani. Katika wafanyakazi 300 wa kwanza, wanaume walikuwa watatu tu. Hawakuwa na kompyuta nyumbani. Waliandika programu kwa kalamu juu ya karatasi, karatasi zikapelekwa kwa posta, kisha zikaingizwa katika mashini kubwa za wateja. Barua za kutafuta kazi alizitia sahihi kwa jina la Steve, kwa sababu zilizotiwa sahihi ya kike hazikujibiwa. Wanawake hao ndio walioandika programu ya kisanduku cheusi cha ndege Concorde. Shirley alifariki mwezi wa nane 2025, akiwa na miaka 91.

Tunamtaja si kwa kupamba habari tu. Alionyesha kwamba aliyeondolewa kwao bado ana kazi mikononi, mradi mwajiri amwamini na apange njia ya kazi kumfikia. Miaka 11 baadaye, mwaka 1973, wakati bei ya mafuta ilipopanda duniani, Mmarekani Jack Nilles alianza kujaribu katika mji wa Los Angeles mpango wa wafanyakazi kutosafiri kila siku hadi makao makuu, kazi iwafuate karibu na kwao. Yeye ndiye aliyetoa jina la Kiingereza la kazi ya namna hiyo. Alipiga hesabu ya barabara na petroli. Hesabu ya wezi ilikuja baadaye.

Simu inapopigiwa mashini

Kazi ya karatasi na posta ilibadilika kwa sababu ya chombo kinachoitwa modemu. Modemu inageuza lugha ya mashini kuwa sauti inayoweza kupita katika waya wa simu, na upande wa pili modemu nyingine inairudisha. Kampuni ikaweka namba ya simu kwenye mashini yake, mfanyakazi akapiga kutoka nyumbani, mashini ikaitika.

Lakini simu haichagui anayeipiga. Mwaka 1983, kikundi cha vijana wa mji wa Milwaukee, Marekani, waliojiita 414 kwa namba ya simu ya eneo lao, waliingia katika mashini nyingi, zikiwemo za maabara ya nyuklia ya Los Alamos na za hospitali ya saratani huko New York. Hawakuvunja kitu. Mara nyingi walijaribu tu maneno ya siri ambayo mashini ilitoka nayo kiwandani na hakuna aliyeyabadilisha. Ni kama kununua kufuli sokoni na kuacha ufunguo ukining'inia.

Wakubwa walishtuka, wakatafuta dawa. Dawa ya kwanza ilikuwa ya kupiga simu kwa kurudisha: mfanyakazi anapiga, anajitaja, mashini inakata, kisha yenyewe inapiga namba ya nyumbani kwake iliyoandikwa mapema. Mwizi anayejifanya kontabli hapati kitu, kwa kuwa simu inalia nyumbani kwa kontabli halisi. Lakini dawa hiyo inamfaa mtu anayekaa mahali pamoja. Mtu anayehama kila mara, kama wengi wetu, haimsaidii.

Dawa ya pili ilidumu. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni moja ya Marekani ilianza kuuza kadi ndogo inayoonyesha namba ambayo hubadilika kila sekunde 60. Kuingia kulihitaji vitu viwili: neno la siri lililo kichwani na namba iliyo mkononi. Mwizi wa neno la siri peke yake anabaki nje. Namba za mara moja ambazo wengi leo wanazipata kwenye simu wakati wa kutuma pesa ni wajukuu wa kadi hiyo. Kwa hiyo swali la pili, la nani anabisha hodi, lilipata jibu zuri zamani, lakini wengi wamelidharau hadi leo.

Siri inayopatikana hadharani

Turudi kwenye shida ya Frank Miller: siri ya kwanza itasafirije? Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman, wa chuo kikuu cha Stanford, walionyesha jambo lililokuwa kama mazingaombwe. Watu wawili ambao hawajawahi kuonana wanaweza kuzungumza mbele ya watu wote, na mwishoni wakawa na siri moja ambayo waliosikia yote hawaijui. Mwaka uliofuata, Rivest, Shamir na Adleman wa chuo cha MIT walipata njia yao, ambayo tunaweza kuifafanua hivi: ninatengeneza makufuli mengi na kuyagawa wazi kwa yeyote anayeyataka. Wewe unaweka barua katika sanduku, unafunga kwa kufuli langu. Tangu hapo hata wewe uliyefunga huwezi kufungua. Ufunguo ninao mimi peke yangu, na haujawahi kutoka nyumbani kwangu.

Nyuma ya makufuli hayo ni hesabu: ni rahisi kuzidisha namba mbili kubwa sana, lakini ni kazi ngumu mno kwa anayeona jibu tu kuzirudia namba zile mbili. Mwaka 1997 ilifahamika kwamba wanahesabu wa idara ya siri ya Uingereza walikuwa wamegundua mambo hayo hayo miaka michache kabla, lakini walikatazwa kusema.

Huo ndio msingi wa kila kitu kinachofuata. Ungewapa watu wa foni ujuzi huo, wangepanga safari ya pesa hewani na jirani asingeelewa neno.

Tuneli inachimbwa

Hata hivyo, kwa miaka mingi ujuzi huo haukufika kwenye kazi za kila siku. Njia ya kawaida ya kuingia katika mashini ya mbali iliitwa Telnet, na ndani yake jina na neno la siri vilisafiri wazi, kama kwenye foni. Mwaka 1995 katika chuo cha ufundi cha Helsinki, nchini Finland, mtu alitega programu ya kusikiliza mtandao akakusanya maneno ya siri ya watu. Mtafiti wa hapo, Tatu Ylönen, alikaa chini akaandika SSH, njia ya kuingia kwenye mashini ambayo kila kitu kinachopita ndani yake kimefungwa. Aliitoa bure mwezi wa saba. Kabla ya mwaka kuisha ilikadiriwa kuwa na watumiaji wapatao 20 000 katika nchi 50.

Mwezi wa nane mwaka huo huo, kundi la wahandisi wanaotunga kanuni za intaneti walitoa kanuni za kwanza za IPsec. Hizi hazikufunga kazi moja tu, zilifunga mazungumzo yote kati ya biro na biro, au kati ya biro na mfanyakazi. Hapo ndipo tuneli ya VPN inapoonekana vizuri. Kompyuta yako inachukua kila kifurushi inachotaka kutuma biro, inakifunga, inakitia katika kifurushi kingine chenye anwani ya mlango wa biro, na kukiachia barabara ya watu wote. Njiani watu wanaona gari likipita, wanaona linakotoka na linakokwenda, lakini hawaoni mzigo. Mlangoni biro inafungua, na wewe unafanya kazi kana kwamba umekaa kwenye kiti chako.

Mwaka 1996 Microsoft na wenzake walileta PPTP, iliyo rahisi kwa kila mwenye Windows. Ilienea haraka. Mwaka 1998 wataalamu wawili wa Marekani, Bruce Schneier na mwenzake anayejulikana kama Mudge, walionyesha matundu mabaya ndani ya PPTP ya Microsoft. Hata hivyo kampuni nyingi ziliendelea nayo miaka mingi, kwa sababu kitu kinachofanya kazi hakuna anayetaka kukigusa.

Mwaka 2001 ikaja OpenVPN. Aliyeiandika, James Yonan, alikuwa akisafiri Asia ya Kati huku akifanya kazi zake za mbali, na ilimbidi kupitisha mambo yake katika mitandao ya nchi ambazo hakuziamini. Mwenye shida ndiye aliyechimba kisima. Baadaye Jason Donenfeld aliandika WireGuard, programu fupi ya mistari ipatayo 4 000 tu, ambayo mtu mmoja anaweza kuisoma yote na kutafuta kosa. Mwezi wa tatu 2020 iliingizwa ndani ya Linux, moyo wa mashini nyingi za mtandao duniani.

Mwezi huo huo dunia ilifungwa. Tarehe 11 mwezi wa tatu 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Covid-19 ni janga la ulimwengu. Kwetu hali ya dharura ilitangazwa tarehe 24, na tangu tarehe 6 mwezi wa nne kata ya Gombe, penye biro kubwa za Kinshasa, ikafungwa. Kwa mara ya kwanza kampuni nyingi za nchi yetu ziliuliza swali ambalo mkimbizi wa vita analijua tangu zamani: kazi itaendeleaje kama mtu hawezi kufika kazini?

Tuneli nzuri, mlango mbovu

Sasa tusikie upande wa pili, kwa kuwa hapa ndipo watu wanapodanganyika. Tuneli inajibu swali la kwanza tu, la nani anasikia njiani. Haisemi nani ameingia ndani yake.

Mwezi wa tano 2021 kampuni ya Colonial Pipeline, yenye bomba la mafuta la kilomita zaidi ya 8 800 huko Marekani, ililazimika kusimamisha bomba kwa siku kadhaa. Wezi walikuwa wameingia kwa VPN ya kampuni yenyewe. Walitumia akaunti ya zamani ambayo hakuna aliyekuwa akiihitaji tena, lakini hakuna aliyeifuta. Ilikuwa na neno la siri peke yake, bila ile namba ya pili. Kampuni ililipa dola milioni 4,4 hivi. Watu walipanga foleni kwenye vituo vya petroli. Tuneli haikuvunjwa. Mwizi alipita katikati yake akiwa na ufunguo wa kweli.

Swali la tatu nalo lina mfano wake. Mwishoni mwa 2013 maduka ya Target ya Marekani yaliibiwa namba za kadi za benki milioni 40. Wezi walianzia kwa kampuni ndogo ya kutunza mashini za baridi, iliyopewa njia ya kuingia katika mtandao wa Target kwa ajili ya kazi zake. Kutoka kwenye chumba cha fundi wa baridi walitembea hadi kwenye sanduku la pesa, kwa kuwa milango ya ndani haikuwa na nguvu ya kuwazuia. Baada ya mambo kama hayo, kampuni kubwa zilianza kubadilisha mawazo: kuwa ndani ya ukuta si sababu ya kuaminiwa. Kila chumba kiulize tena.

Mfano wa mwisho unatugusa sisi hasa. Mwezi wa kwanza 2022 Shirika la Msalaba Mwekundu la Kimataifa, CICR, lilitangaza kwamba mashini zake zilizokuwa kwa kampuni moja Uswisi zimeingiliwa. Zilikuwa na habari za watu zaidi ya 515 000: watu waliotengana na jamaa zao kwa sababu ya vita, uhamaji au maafa, waliopotea na familia zinazowatafuta, waliofungwa. Ni ile kazi ambayo hata hapa kwetu imewarudisha watoto wengi kwa mama zao. Wezi walipita katika tundu la programu ambayo dawa yake ilikuwa imekwisha kutolewa lakini haijawekwa bado, wakakaa ndani siku 70 hivi kabla hawajaonekana. CICR ilisimamisha mashini hizo, na kazi ya kuunganisha familia ikabidi iendelee kwa njia za mkono. Tujiulize: orodha yenye jina lako, kijiji chako cha zamani na mahali unapojificha leo ikiangukia mkononi mwa anayekutafuta, je, ni habari ya mafundi tu?

Barabara ikikatwa

Kuna jambo lingine ambalo vitabu vya ng'ambo havilisemi sana. Tuneli inapita ndani ya barabara. Barabara ikikatwa, hakuna tuneli. Sisi tumeyaona. Mwezi wa kumi na mbili 2011, baada ya uchaguzi, ujumbe mfupi wa simu ulikatwa nchi nzima. Mwezi wa kwanza 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa. Tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, siku moja baada ya kura, ilikatwa tena kwa siku karibu 20. Na tarehe 22 mwezi wa tano 2021 Nyiragongo ililipuka. Siku tano baadaye uongozi uliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihame, na watu wakashika njia ya Sake, ya Rutshuru na ya ziwa bila kujua watarudi lini.

Kwa hiyo kampuni ya kwetu haiwezi kunakili tu mpango wa kampuni ya Ulaya. Lazima ipange na siku zisizo na mtandao: kazi gani inaweza kusubiri, nakala ya vitabu iko mji gani mwingine, na nani ana haki ya kuamua iwapo patroni hapatikani.

Mambo ya kufanya sasa

Kutokana na historia hii yote, mwenye kampuni ndogo ya Butembo, Beni, Bunia au Uvira anaweza kushika mambo machache. Hayahitaji dola nyingi.

Kwanza, andika orodha ya watu wanaohitaji kuingia wakiwa mbali, na mbele ya kila jina andika anahitaji kufika wapi. Mwenye depo aone depo. Kontabli aone hesabu. Asiye na haja asiwe na njia.

Pili, kila mtu na ufunguo wake. Neno la siri moja la biro nzima ni hatari mara mbili: mmoja akiondoka, hamwezi kumfungia yeye bila kuwafungia wote, na jambo baya likitokea hamtajua ni nani.

Tatu, weka alama ya pili, ile namba ya mara moja. Programu inayoitoa ndani ya simu inafaa kuliko ujumbe wa SMS, kwa sababu inatoa namba hata pasipo mtandao, na laini ya simu inaweza kuibiwa au kupotea mtu akikimbia.

Nne, mlango wenyewe wa VPN uwekewe matengenezo kila yanapotoka. Tundu la siku 70 lilianza kwa dawa iliyochelewa.

Tano, siku mtu anapoacha kazi, ufunguo wake ufutwe siku hiyo hiyo. Usingoje mwisho wa mwezi.

Tuseme pia neno juu ya VPN za bure ambazo vijana wanazipakua wakati mitandao ya kijamii inapozuiliwa. Hizo si VPN ya kazi. VPN ya kampuni inakupeleka kwenye mlango wa biro yako. Ya bure inakupeleka kwenye mlango wa mtu usiyemjua, naye anaweza kuona unakokwenda. Umemkwepa mmoja njiani, umemkabidhi mwingine. Tuneli hizo pia zinakula mamega. Vitabu vya watu wengine usivipitishe humo.

Nyinyi wafanyakazi mliohama, kinachowahusu zaidi ni simu. Tuneli inalinda njia, hailindi mikono. Simu ikichukuliwa kwenye bariera ikiwa wazi, ufunguo umechukuliwa nayo. Funga simu kwa namba ndefu, usihifadhi ndani yake orodha za watu, na ukisafiri, omba biro isimamishe njia yako mpaka ufike salama.

Na hapa waajiri nao wasikie. Pataneni mapema, na kila mfanyakazi, namna ya kutoa habari kwamba simu imepotea au imechukuliwa: namba gani ipigwe, hata kwa kuazima simu ya jirani, hata kupitia kwa mke au mume. Anayepokea afunge ufunguo huo ndani ya dakika chache, kisha ndipo aulize maswali. Asiyekuwa na hofu ya kufokewa atatoa habari mapema, na mapema ndiyo inayookoa wengine. Msimwachie mtu aliyekimbia na watoto wake mzigo wa kulinda siri za kampuni kwa mwili wake. Akilazimishwa kutoa neno la siri, alitoe. Neno la siri linabadilishwa siku hiyo hiyo, na uhai haubadilishwi. Mkiwa na mpango ambao mtu mmoja akikamatwa kila kitu kinafunguka, kosa ni la mpango.

Kabla ya mwisho wa juma hili, kila mwenye kampuni au shirika afungue orodha ya wanaoingia katika mashini zake wakiwa mbali, aisome jina kwa jina, na kila asiyejua yuko wapi leo amsimamishe mpaka atakapozungumza naye kwa sauti. Ni kazi ya saa moja. Na nyinyi mliotoa majina yenu ili kupata msaada, mna haki ya kumwuliza anayeandika: orodha hii inalala wapi, na nani anaweza kuifungua?